Bibi Arusi Hayumo Chumbani

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinatetemeka jikoni. Ti-ti-ti, kinanyamaza, ti-ti-ti tena. Nyumba ilikuwa bado giza, na Mauwa alijua bila kufungua macho kwamba mama yake ameamka, maharage yako motoni, na siku imeanza bila kumngoja. Binti yake Abigaël alikuwa amelala kando yake, mguu ameutupa juu ya tumbo la mama kana kwamba mwenye kitanda ni yeye.

Ilikuwa Jumamosi ambayo jamaa za Éliézer, mchumba wake, wangekuja kumposa. Viti vilikuwa vimekwisha kuazimwa kanisani, vitenge vimepigwa pasi. Na chini ya mto wa Mauwa, ndani ya simu, kulikuwa na ujumbe uliomkosesha usingizi. Kwa sababu ya mgomo wa treni uliotangazwa kwa Jumatatu, chuo kilikuwa kimeyasogeza mahojiano yawe leo, saa tisa alasiri. Asiyeweza kufika angengoja mwaka mwingine.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, cha watu binafsi, nyumba ndefu nyembamba karibu na mabwawa ya Flagey, mjini Brussels. Mwalimu wake wa masomo ya jioni ndiye aliyemwambia habari zake. Huko hakukuwa na kumbi kubwa zenye vipaza sauti. Wanafunzi wachache walikaa kuzunguka meza moja na walimu wao, wakasoma falsafa, historia, viumbe hai na muziki, bila kulazimishwa kuchagua kimoja na kuzika vingine. Mauwa alikuwa anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na kazi hiyo aliipenda. Lakini tangu ile jioni alipouliza swali darasani, akajibiwa kwa swali lililo zuri kuliko lake, alikuwa anatembea na hamu ambayo hakujua kuielezea kwa mtu. Maombi aliyajaza wakati wa mapumziko ya kazi, amesimama karibu na mashine ya kahawa. Wakimtaka, wangemlipia masomo yote.

Aliutoa mguu wa mtoto taratibu, akaenda jikoni pekupeku.

Maman Kasoki, mama yake, alikuwa anakoroga bila kuwasha taa kubwa. "Rudia ulale," alisema. "Bibi arusi hana kazi asubuhi."

"Maman, chuo kimebadilisha rendez-vous. Ni leo."

Mwiko ulisimama. "Leo gani?"

"Leo hii. Bageni bakiwa hapa."

"Si uliachaka ile mambo?"

"Sikuacha, Maman. Nilinyamaza."

Maman Kasoki alipunguza moto. Alikuwa mwanamke wa Butembo, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba vitu vingi na kuvifikisha. "Mi nakuuliza kitu moja," alisema. "Muntu akimaliza kusoma uuguzi, tunamuita infirmière. Akimaliza sheria, tunamuita avocat. Wewe ukimaliza hii masomo ya kila kitu, tutakuita nani?"

"Mauwa."

Mama aligeukia sufuria upesi, lakini Mauwa aliona bega likicheka.

"Na Donat? Unajua vile alisema."

Mauwa alijua. Tonton Donat, kaka wa marehemu baba yake Éliézer, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wao hapa Brussels. Alikuwa ametuma neno kwamba jamaa zake wangekuja kwa sharti moja: msichana aache hicho chuo kisichojulikana, asome uuguzi kama watu. Na hilo lisingemuuma sana Mauwa kama Éliézer asingelibeba neno hilo kwa mdomo wake mwenyewe.

Walikuwa wameketi uwanjani Flagey, Jumamosi iliyopita, chipsi zinapoa katikati yao ndani ya karatasi.

"Chérie, tumwambie tu oui," Éliézer alikuwa amesema. "Atakubali, tutaoana, kisha wewe utasoma. Nani atakuja kukuchunguza?"

"Donc unataka niingie mu famille yenu na bongo, nibadanganye."

"Nataka uingie. Ile ingine tutapanga."

"Wewe ulimwambia nini, alipokataa?"

Éliézer alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya fundi wa lifti, mikubwa, yenye grisi iliyokataa kutoka kwenye kucha. "Ni mukubwa wangu, Mauwa. Alinipokea hapa nikiwa sina hata manteau ya baridi."

"Sijauliza ye ni nani. Nimeuliza ulimwambia nini."

Éliézer alianza kukwangua grisi kwenye ukucha, na Mauwa aliondoka, akaziacha chipsi na mtu wake. Jambo lililomtesa wiki nzima ni kwamba alimpenda mtu huyu kwa sababu ya maneno yake. Sauti yake aliifahamu kabla ya uso. Alikuwa amekwama ndani ya lifti ya kazini na mzee mmoja aliyelia kwa woga, na nyuma ya mlango wa chuma sauti ya mwanamume wa Lubumbashi ilizungumza nao bila kuchoka, ikamuuliza mzee habari za harusi yake na za mbwa wake, ikamchekesha, hadi mlango ulipofunguka na Mauwa akakuta macho ya kahawia yanamtazama kana kwamba yeye ndiye aliyeokolewa. Mtu aliyejua kusema namna ile, mbele ya ami yake alikuwa amegeuka bubu.

"Mi ile masomo siipendi," Maman Kasoki alisema sasa, anafuta mikono. "Tusidanganyane. Kama ni mi nitakukataza, bon, mi ni mama yako. Lakini Donat?" Alisonya, msonyo mrefu, wa taratibu. "Donat achague masomo ya mutoto yangu? Ye alikulalisha ukiwa mutoto siku gani?"

"Alors nifanye nini?"

"Bibi arusi anakaa wapi siku ya kuposwa?"

"Mu chambre."

"Nani anamuonaka?"

Mauwa alianza kuelewa. Kwao bibi arusi hufichwa chumbani mpaka mwisho. Kwanza hutolewa wasichana wengine, mmoja mmoja, wamefunikwa kitenge kuanzia kichwani, na upande wa mwanamume wanatakiwa kusema kama ndiye au siye. Ni mchezo wa kucheka na kutaniana, na ukiwa na watu wanaojua kuuchezesha, unakula alasiri nzima.

"Tutaanza na prière," mama alisema, anahesabu kwa vidole. "Pasta anapenda kuomba murefu, leo tutamuacha. Kisha chakula. Kisha tonton yako Jean-Pierre ataongea, na Jean-Pierre akishika micro unamujua. Kisha babinti. Binamu yako Graciella atatoka wa kwanza. Wewe ukirudia, mi nitakuwa ku ngazi na kitenge, nakufunika, unaingia kama musichana mwingine. Banafunua, ni wewe. Voilà."

"Maman, ni bongo pia."

"Hapana. Hii ni kuchelewa."

*

Jamaa za Éliézer, Wakongo kama wao, walifika kabla ya saa yao, jambo ambalo mtaa wote wa Berchem haukuwa umewahi kuliona. Mauwa alikuwa amekwisha kupanda tramu, amevaa gauni la bluu na koti, aliposikia vicheko vya Kilubumbashi upande wa pili wa barabara. Magari manne yalikuwa yanashusha suti na vilemba. Tonton Donat alikuwa mbele, mrefu, anarekebisha kofia. Nyuma yake, amebeba kreti la vinywaji, Éliézer.

Aliinua kichwa. Pengine ni tramu iliyolia kengele, pengine ni ile hali ya watu wawili waliozoea kutafutana. Macho yao yalikutana kupitia dirisha lenye matone ya mvua. Mauwa hakupunga mkono. Aliona jinsi alivyomtambua, jinsi alivyolitazama koti, begi, na kuelewa: mwanamke aliyekuja kumposa anaondoka. Midomo yake ilifunguka kidogo. Neno moja tu kwa ami yake, na magari manne yangegeuka.

Tramu iliondoka. Hakujua kama alikuwa amelisema neno hilo au la.

*

Waliomngoja juu ya ngazi nyembamba walikuwa wawili. Madame Inès, mkuu wa chuo, mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, na mwalimu mmoja kijana aliyejitambulisha kwa jina tu, Arnaud. Meza ilikuwa ya duara. Juu yake hapakuwa na kitu isipokuwa bilauri ya maji. Walizungumza Kifaransa.

"Hapa hatuulizi umekariri nini," Madame Inès alisema. "Tunaweka swali mezani na kuliangalia pamoja. La leo ni hili: nani ana haki ya kusema kwa niaba ya mwingine?"

Mauwa alijibana, lakini kicheko kilimtoka.

"Swali ni la kuchekesha?"

"Samahani, Madame. Ni kwamba hivi sasa, huko Berchem, kuna wazee wawili wanasema kwa niaba yangu. Leo ninaposwa."

Arnaud alisogeza kiti. "Leo? Na wewe uko hapa?"

"Ndiyo. Kule mimi na mchumba wangu haturuhusiwi kusema. Kila upande una msemaji wake."

"Basi desturi hiyo inakunyima sauti," Arnaud alisema kwa upole.

Hapo Mauwa aliona mlango uliofunguliwa mbele yake. Angesema ndiyo, wangemhurumia, na huruma yao pengine ingemwingiza chuoni. Alikunywa maji kwanza.

"Hapana, Monsieur. Siyo hivyo. Siku ya namna hiyo watu wanaambiana maneno makali. Mahari, ukoo, mtoto niliyemzaa kabla, yote yanasemwa. Yakisemwa na msemaji, hasira inamwangukia msemaji. Mimi na mume wangu tunaingia nyumbani kwetu hatujatukanana. Yeye anabeba uchafu wa maneno ili sisi tubaki safi. Ni kazi kubwa. Mimi naiheshimu."

"Kama ni hivyo," Madame Inès aliuliza, "kwa nini uko kwetu, si kwao?"

Mvua ilikuwa inapiga vioo. Mauwa alimfikiria Éliézer na kreti lake, mdomo umefunguka kidogo. Alimfikiria Tonton Donat, ambaye hajawahi kukaa naye hata kwa kikombe cha chai.

"Kwa sababu hakuna aliyeniuliza kabla ya kwenda kunisemea," alisema. "Naona haki inaanzia hapo. Msemaji aje kwanza kwa mtu anayemsemea, akae chini, asikilize. Asipofanya hivyo anajisemea mwenyewe, kwa kutumia jina la mtu."

Arnaud hakuridhika, na hilo lilikuwa zuri. Aliuliza habari za mtoto mchanga asiyeweza kuulizwa, na za mzee aliyepoteza kumbukumbu, na Mauwa alisema kwamba hajui, akafikiri kwa sauti, akajipinga mwenyewe, akarudi nyuma. Walipokuja kukumbuka saa, bilauri ilikuwa tupu na wote watatu walikuwa wameegemea meza kwa viwiko.

Madame Inès alimwomba angoje kidogo nje. Simu ilikuwa imejaa ujumbe wa binamu yake Graciella.

*Pasta amemaliza, enfin.*

*Tonton Jean-Pierre anahadisia historia ya Butembo tangu mwanzo.*

*Mi nimetoka wa kwanza. Éliézer amekatala na kichwa.*

*Wa pili, amekatala. Anainamisha kichwa, anataka bamuonyeshe miguu tena. Tonton Donat anacheka anasema huyu mutoto eko difficile, anachagua sana.*

*Mauwa, yule muntu anajua kama hauko. Anatusaidia. Jana nilimutukana, leo nimemusamehe. Kuya mbio.*

Mauwa aliisoma mara mbili. Kichwa tu ndicho alichoruhusiwa kutumia, na alikuwa anakitumia kumnunulia dakika. Alikaa kwenye ngazi, akaushika ukuta.

Mlango ulifunguka. "Kwa kawaida tunaandika barua," Madame Inès alisema. "Lakini wewe una watu wanaokungoja. Tutakuona mwezi wa tisa, Mauwa. Masomo yako yatalipiwa. Na huyu bwana hapa anasema bado hajakubaliana nawe juu ya mtoto mchanga, kwa hiyo ujiandae."

Alishukuru kwa utulivu wote aliokuwa nao. Kwenye kituo cha tramu utulivu ukaisha, akalia wazi wazi mbele ya watu, na mama mmoja mwenye kikapu cha sokoni akamshika bega bila kuuliza kitu.

*

Maman Kasoki alikuwa kwenye ngazi za jengo, kitenge mkononi, jasho usoni. "Batoto ba kufunika bameisha. Nimefunika mupaka jirani Mmoroko. Kuya nikufunike."

"Maman, bamenichukua."

Mama alisimama na kitenge kimeinuliwa. Kisha alikishusha, akamshika shavu kwa mkono wenye harufu ya vitunguu, akalishikilia. "Bon," alisema. "Bon. Ingia chini ya kitenge sasa."

"Hapana. Nitaingia hivi."

"Donat atatoka na bantu yake yote."

"Atoke akijua. Siwezi kuanza na yeye nikiwa nimejificha."

Maman Kasoki alikikunja kitenge, akakiweka begani mwake, akatangulia kufungua mlango.

Watu wote sebuleni waligeuka. Upande huu, jamaa zake na Abigaël kwenye sofa, amevaa gauni jeupe. Upande ule, suti za watu wa Katanga, jamaa za Éliézer. Katikati, zulia tupu. Jirani Fatiha, kitenge bado kichwani, alifunua jicho moja. Mauwa alisimama na viatu vilivyolowa, akapiga goti kidogo kuwaamkia wakubwa.

"Huyu anatokea wapi?" Tonton Donat aliuliza. "Bibi arusi anatoka mu chambre. Hatokake ku barabara."

"Sikukuwa mu chambre, Tonton. Nilikuwa ku Flagey, ku chuo. Walinipima leo, na wamenichukua. Sitaki mutoe mahari mukizania nimeacha. Sikuacha."

"Donc tumekaa hapa, tunachagua muntu haiko."

"Papa Donat," Tonton Jean-Pierre alianza, mikrofoni mkononi, "permettez, hii mambo ina historia yake..."

"Jean-Pierre, hapana. Historia yako tumesikia." Donat alisimama, akachukua kofia. Watu wake walianza kusimama nyuma yake, viti vya kanisa vikalia.

Éliézer pia alisimama. Lakini hakwenda mlangoni. Alitembea juu ya zulia, mahali ambapo mchumba hapiti mpaka aitwe, akasimama katikati.

"Tonton, pardon. Nitaongea."

"Wewe leo hauna mudomo. Mi njo mudomo yako."

"Njo shida, Tonton. Haukuniulizaka." Sauti yake ikawa ile sauti ya nyuma ya mlango wa chuma. "Nilimuona akipanda tram. Nilijua kama haiko. Nilikatala bale babinti bote juu apate wakati. Na wiki yenye ilipita mi njo nilimwambia akudanganye, aseme oui, kisha asome kwa kujificha. Alikatala. Aliona haya kwa ajili yangu." Alimgeukia Mauwa, na kwa muda mfupi hapakuwa na mtu mwingine chumbani. "Ulikuwa na haki ya kuona haya. Nisamehe."

Mauwa aliinamisha kichwa kwa kukubali, na macho yake yakasema yaliyobaki.

"Uliniokota nikiwa sina manteau," Éliézer alimwambia ami yake. "Sitasahau. Lakini nataka kuoa huyu, vile eko, na asome. Ukienda leo, nitabaki nikuombe kesho, na kesho kutwa."

Donat alizungusha kofia mikononi. "Kule," alimwuliza Mauwa hatimaye, "balikuuliza nini?"

"Kama nani ana haki ya kusema kwa ajili ya mwingine."

"Na ulijibu nini?"

"Niliongea juu yako, Tonton."

Kicheko kiliponyoka upande wa Katanga, kikakandamizwa. Donat aliinua nyusi. "Ukasema mi ni mubaya."

"Nilisema kazi yako ni kubwa. Maneno ikiwa moto, inachoma wewe, haitufikie. Lakini nilisema musemaji akuye kwanza akae na muntu, amuulize."

Mzee alimtazama Tonton Jean-Pierre ng'ambo ya zulia. "Wewe ulimuulizaka huyu mutoto?"

"Mi? Kusema kweli..." Jean-Pierre aliishusha mikrofoni. "Apana."

"Na mi sikuulizaka wangu." Donat alikaa. Nyuma yake, mmoja mmoja, suti zikakaa. Aliiweka kofia juu ya goti, akamkazia Mauwa macho, na usoni mwake palikuwa na kitu kilichokaribia kuwa haya. "Bon. Binti. Miaka ngapi, hii masomo yenu?"

"Tatu, Tonton."

"Na siku ukishamaliza, utakuya unibishie namna hii kila Jumapili?"

"Nitajaribu niwe mwema."

"Nasikia kama utanibishia." Alipumua, kwa nguvu, kama mtu anayetua mzigo sakafuni. "Jean-Pierre, uliza ile question. Uliza ye mwenyewe, mi nisikie."

Tonton Jean-Pierre alisimama, na kwa mara ya kwanza maishani alisema kwa kifupi. "Mauwa. Hii vitu ya hawa bantu, tupokee?"

"Mupokee," Mauwa alisema, anamtazama Éliézer. "Nimemutaka."

Vigelegele vya Maman Kasoki vilipasua chumba. Wamama wa Lubumbashi walijibu kutoka upande wao, Graciella akatoka chumbani anapiga makofi, Fatiha akavua kitenge na kumkumbatia mtu asiyemjua. Katikati ya makelele hayo Éliézer alikuwa bado amesimama juu ya zulia. Upande wake wa zamani kiti chake kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa. Upande huu hakuwa bado na pa kuketi. Mikono yake mikubwa ilining'inia, haijui pa kwenda.

Abigaël alimtazama kwa makini, kama anavyotazama watu wote kabla ya kuamua. Kisha alijisogeza kwenye sofa, akamsukuma binamu yake kwa kiwiko mpaka pakapatikana pengo, akalipigapiga kwa kiganja.

"Tonton Éliézer, kuya ukae pembeni yangu."